Hapana ya Kwanza

Jumanne, 4 Novemba

Mkwe wangu amefika leo na basi la saa nane kutoka Izmir, na mkoba wa mgongoni na daftari jipya. Nikambusu mashavu yote mawili kama inavyotakiwa. Yeye akanyoosha mkono kunisalimu, kisha akakumbuka, akainama aubusu wa kwangu, tukagongana vichwa. Ndivyo tulivyoanza.

Wiebke ni mtunza bustani wa manispaa ya Bremen, Ujerumani. Ana mikono ya mtu wa shamba na macho ya mtu asiyelala vizuri. Aliniandikia Septemba: "Mama, nimesoma Kituruki darasani mwaka mzima. Naweza kununua tiketi ya treni na kumwonyesha daktari panaponiuma. Lakini Tuncay alipozungumza nawe kwa simu alikuwa anasema maneno ambayo hayamo kitabuni. Nataka kuyajua. Naomba nije nikusaidie kuvuna zeituni, nawe unifundishe." Nilijibu kwa neno moja: Njoo.

Niandike na ukweli wangu, maana nimewafundisha watoto miaka thelathini na mmoja kwamba daftari halidanganywi. Tuncay, mwanangu wa pekee, amezikwa Bremen, huu ni mwaka wa pili. Wiebke, mkewe, ndiye aliyeamua azikwe huko. Siku ile nilimtolea maneno mabaya kwenye simu, na mazishini sikwenda. Sasa ninachotaka ni kuliona kaburi la mwanangu. Sina jingine. Sijamwambia mtu, na sijui nitamwambiaje huyu aliyelala chumba cha pili.

Jumatano, 5 Novemba

Somo la kwanza tumelipata njiani. Tulipita shamba la jirani, Hüsmen na watu wake wanapiga matawi kwa fito ndefu, zeituni zinanyesha juu ya turubai. Wiebke akapita kimya, kichwa chini, kwa adabu za kwao: mtu akiwa kazini asisumbuliwe. Hüsmen nilimfundisha kusoma mimi mwenyewe; kunyamaza hakuwahi kujifunza. Akasimamisha fito.

"Mwalimu, mkwe wako kagombana na sisi?"

"Hajagombana na mtu. Hajafundishwa."

"Basi mfundishe upesi, mikono imeshaanza kunilegea."

Nikamwambia Wiebke kwamba hapa hupiti mbele ya mtu anayefanya kazi bila kumwambia kolay gelsin, iwe nyepesi kwako. Awe analima, anafagia, anapanga nyanya sokoni, au ni mwizi anavunja kufuli.

"Na kama simjui?"

"Hasa kama humjui."

Akarudi hatua ishirini nzima, akasimama mbele ya Hüsmen, akalisema kwa sauti ya mtu anayeapa mahakamani. Fito zote zikasimama. Nikampa nane kwa kumi. Mbili nilimkata kwa kurudi.

Ijumaa, 7 Novemba

Mvua. Hakuna kuvuna. Amejifunza kwamba mtu akipiga chafya huombewa umri mrefu, naye humjibu aliyemwombea kwamba auone umri huo pamoja naye. Tumeshinda tukipigiana chafya za uongo.

Jumapili, 9 Novemba

Tumealikwa kwa Nadide. Ni jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, mjane kama mimi, na ulimi wake hauna breki. Alimjazia Wiebke sahani ya dolma, mboga zilizojazwa wali. Wiebke akala, akasema asante, hapana, nimeshiba. Nadide akamwongezea. Hapana, Bi Nadide. Akamwongezea. Sahani ya tatu aliimaliza akiwa na rangi ya zeituni mbichi.

Njiani akaniuliza, "Mama, nimesema hapana mara tatu. Nimemkosea nini?"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia mwenye nyumba asiyesisitiza ataambiwa bahili mtaa mzima. Acha chakula kidogo kwenye sahani, ndipo utaachwa. Na chai itaendelea kuja mpaka ulaze kijiko juu ya glasi. Akachora glasi na kijiko daftarini, akaandika tarehe.

Jumatano, 12 Novemba

Juzi nilimfundisha neno la kumwambia mtu aliyetoka kuoga au kunyolewa: iwe afya kwako. Leo mvua ilimkuta Hüsmen juu ya ngazi, akaja kwetu amelowa chapa chapa, maji yanamchuruzika masikioni. Wiebke akamfungulia mlango, akamtazama toka juu mpaka chini, akamwambia, iwe afya kwako. Hüsmen akaketi kizingitini kwa kicheko. Sasa kijiji kizima kinamuuliza kama ameshaoga.

Nilikuwa nimesahau namna nyumba hii inavyokuwa mtu akicheka ndani yake.

Jumamosi, 15 Novemba

Magunia kumi na moja. Mgongo haunisemeshi.

Jumapili, 16 Novemba

Mvua ilianza baada ya chakula cha mchana, tukaketi karibu na jiko la kuni. Wiebke akafungua daftari, akalifunga, akalifungua tena.

"Mama, alikuwa anakupigia Jumapili, saa tano. Mimi nilikuwa jikoni. Akimaliza alisema kitu, halafu alibaki ameishika simu. Alisema hivi."

Akakisema. Alikuwa amekibeba miaka kumi na mmoja bila kujua maana yake, sauti tupu, na amekibeba na lafudhi yetu ya Havran na ule uvivu wa Tuncay wa kumeza mwisho wa neno, ambao nilimsahihisha tangu yuko darasa la pili. Miaka miwili sijaisikia sauti hiyo. Nilishika ukingo wa kiti.

"Anasema, nabusu mikono yako," nikamwambia. "Ndivyo mtu anavyoagana na mzazi. Kila mtu husema."

"Kila mtu?"

"Hata asiyempenda mama yake."

"Na yeye?"

"Yeye alikuwa anamaanisha."

Akaandika polepole. Nikatoka kwenda kuwaangalia kuku, ambao hawakuwa na shida yoyote.

Niliporudi niliharibu. Macho yalikuwa yananiwasha, na mimi nikitaka kulia hugeuka mkali, ni ugonjwa wangu wa zamani. Nikamwambia mtoto anazikwa alipo mama yake, kila mtu anajua hivyo, angemuuliza yeyote angemwambia.

Wiebke akaweka kalamu chini. "Mama, kazi yangu inaisha saa kumi. Saa kumi na robo niko kwake, kila siku. Angekuwa huku, ningemwona lini?"

"Na mimi nimemwona lini?"

Nilitamani nimwambie basi nipeleke. Nikaongeza kuni kwenye jiko ambalo halikuhitaji kuni.

Jumatatu, 17 Novemba

Hatukuzungumza. Miti sita.

Jumamosi, 22 Novemba

Homa siku tatu. Kila akiingia chumbani Wiebke ananiambia, yawe yamepita, kama ilivyo desturi kwa mgonjwa. Kosa lake ni kwamba analisema kila anapoingia, hata akiwa amesahau miwani tu. Jana nilihesabu mara kumi na nne.

Amenipikia supu ya tarhana, ile ya unga na mtindi uliokaushwa, aliyoelekezwa na Nadide kupitia dirishani. Alikuwa anapuliza kijiko kabla ya kunipa, anakigusa na mdomo wa chini, ndipo ananiletea. Hakuna aliyemfundisha huku. Nikaelewa kwamba ndivyo alivyompulizia Tuncay hospitalini, miezi minne, wakati mimi niko hapa nangoja Jumapili. Miaka miwili nimemtazama huyu kama mtu aliyeninyang'anya. Leo nilimwambia mikono yake isipungukiwe na afya. Ni neno la kumwambia mpishi yeyote, nimelisema maelfu ya mara, lakini leo lilinitoka kifuani.

Alhamisi, 27 Novemba

Nataka kuandika kwa utulivu na siwezi.

Miti yote arobaini na miwili imeisha. Tulikwenda kiwandani kukamua, tukangoja zamu yetu tangu asubuhi. Mashine zinanguruma, kila mtu ana kipande cha mkate mfukoni cha kuchovya mafuta ya kwanza. Mafuta yetu yakaanza kutoka, ya kijani, yanawasha koo kama inavyofaa. Wiebke akachovya, akala, akafumba macho. Kisha akanigeukia.

"Mama, tarehe kumi na mbili narudi. Twende pamoja. Nikupeleke kwa Tuncay."

Sikuwa nimemwomba. Alilitoa mwenyewe, hadharani, mkate uko mkononi. Na mdomo wangu, bila kuniuliza, ukasema, "Aa, usijisumbue, mwanangu. Mtu mzima kama mimi nitakuwa mzigo tu. Na kuku nimwachie nani?"

Akanitazama. Kidevu kilimtikisika kidogo, nadhani ni baridi.

"Sawa, Mama," akasema. "Nimeelewa."

Akafuta mikono kwenye suruali, akaenda kushika mkebe chini ya bomba. Nikabaki nimesimama pale, mkate unadondosha mafuta kwenye kiatu, nikingoja aniulize mara ya pili.

Ijumaa, 28 Novemba

Hajauliza. Labda jana aliona haya mbele za watu.

Jumapili, 30 Novemba

Hajauliza. Wakati wa kifungua kinywa nilisema kwamba Nadide anawapenda sana kuku wangu, hata mwezi mzima angekaa nao. Wiebke akasema ni kuku wazuri.

Jumatano, 3 Desemba

Nimetoa pasipoti kabatini. Ni ile ya kijani tunayopewa walimu wastaafu, haihitaji viza. Niliichukua Tuncay alipoondoka kwenda Ujerumani, niwe tayari, kila ikiisha muda naifanya upya, na haijagongwa muhuri hata mmoja. Niliiweka mezani, karibu na jemu ya tini, mahali ambapo hata kipofu angeigusa. Wiebke akaifungua, akasema, "Umetoka vizuri kwenye picha, Mama," akafuta tone la jemu, akairudisha.

Mchana nikaanika sanduku la safari uani. Akalinusa. "Umefanya vizuri, lina unyevu."

Nilikuwa karibu kumrushia ndara. Hüsmen akapita na trekta, akapunguza mwendo.

"Mwalimu, safari?"

"Naanika sanduku."

"Haya, lifike salama."

Alhamisi, 4 Desemba

Nimefikiri, na nilichokifikiria hakipendezi. Mtu akikaribishwa, mara ya kwanza hukataa. Ukipewa kiti, unasema niko sawa hivi hivi. Ukiambiwa ule, umekula. Mara ya pili unalegea, mara ya tatu unaketi na kila mtu anapumua. Anayesema ndiyo mara ya kwanza tunajiuliza kalelewa wapi. Na anayekaribisha mara moja tu, kisha akanyamaza, huyo alikuwa anatimiza wajibu, na anaomba Mungu usikubali.

Basi Wiebke alitimiza wajibu. Nilipokataa alishukuru. Ana haki, baada ya yale niliyomwambia. Lakini nimekwisha kuuwaza mlango wa makaburi yale, nimekwisha kuchagua koti nitakalovaa, na sasa sijui nifanye nini na mawazo hayo.

Jumamosi, 6 Desemba

Nadide alikuja na sahani ya börek, mikate ya jibini, akakuta Wiebke yuko mtoni na mimi nasugua sufuria safi.

"Una nini? Wiki nzima unatembea kama umemeza ufagio."

Nikamweleza. Sikukusudia kumweleza, lakini nilipoanza nilimaliza. Alinisikiliza bila kunikatiza, jambo ambalo lilinitisha.

"Na ulimfundisha hilo?" akauliza.

"Lipi?"

"Kwamba hapana yetu ya kwanza si hapana."

"Hilo hufundishwi, Nadide. Hilo mtu analijua tu."

"Nani kalijua tu? Yule? Kwao mtu akisema hapana, mwenzake anaweka sufuria kabatini, yamekwisha. Umemfundisha chafya, umemfundisha kuoga, umemfundisha kumsalimu mpaka Hüsmen, ambaye hata mkewe hamsalimu. La maana umeliacha."

"Alikula dolma zako akiwa ameshiba. Aliona."

"Aliona mimi nalazimisha chakula. Wewe umempa hapana kuhusu kaburi. Mtu uliyemtukana kwa simu siku ya msiba wake, halafu unamwambia, aa, usijisumbue. Wewe ungekuwa yeye, ungeuliza tena?"

Mimi, mwalimu wa miaka thelathini na mmoja, nikarudi kusugua sufuria.

"Sasa nifanye nini? Nijikaribishe mwenyewe nyumbani kwa mtu?"

"Ndiyo."

"Ni aibu, Nadide."

"Ni aibu," akasema. "Kwani nimekwambia si aibu?"

Jumatatu, 8 Desemba

Jana nilijaribu mara mbili, nikaishia kuuliza kama anataka chai.

Leo asubuhi tulikuwa uani tunakunja turubai za mwisho, yeye ameshika pembe zake, mimi zangu, tunakutana katikati na kuachana kama watu wanaokunja shuka. Tulipokutana mara ya tatu sikumwachia pembe.

"Wiebke, siku ile kiwandani ulinikaribisha, nikakataa."

"Ndiyo, Mama. Sikukasirika. Ni haki yako."

"Ulitakiwa uulize tena."

Hakuelewa. Nikamweleza kama ningemweleza mtoto wa darasa la kwanza: kwamba mtu hukataa kwanza ili asionekane ana njaa, na mwenziwe hurudia ili aonyeshe hakusema kwa mdomo tu. Kwamba nilikuwa nangoja. Kwamba pasipoti ile haikujileta yenyewe kwenye jemu.

"Kama chai?" akauliza.

"Kama chai."

Akaketi juu ya turubai, magoti kifuani. "Chai najua. Sikujua na mambo kama haya." Kisha akasema, "Hata ningejua, Mama. Sentensi ile niliifanyia mazoezi wiki mbili, nikiwa juu ya miti. Ulipokataa, sikuwa na nguvu ya kusikia hapana yako mara ya pili."

Kumbe kidevu kile hakikutikiswa na baridi. Siku kumi na moja tumekaa meza moja, kila mmoja anaumia upande wake.

Akavuta pumzi, akanyooka. "Basi nauliza tena. Mama, twende—"

"Usiulize," nikamwambia, kwa sababu nilijijua. Lile neno lilikuwa limekwisha kusimama mlangoni mwa mdomo wangu, usijisumbue mwanangu, tayari kutoka. "Usiniulize. Nataka kwenda. Nimetaka tangu siku aliyokufa. Nipeleke kwa mwanangu."

Uso wote uliniwaka. Nina miaka sitini na minane na sijawahi kumwomba mtu kitu namna ile, hata mume wangu. Wiebke akatoa simu kwa vidole vyenye mafuta, akaanza kutafuta nafasi kwenye ndege yake. Namba za pasipoti nilimsomea mimi.

Alhamisi, 11 Desemba

Kuku wamehamia kwa Nadide. Amelia, kisha akasema ni vitunguu.

Jumapili, 14 Desemba, Bremen

Mvua hapa ni nyembamba, hainyeshi wala haikomi. Tulikwenda asubuhi kwa tramu. Wiebke alitembea mbele yangu, haraka, kama mtu anayekwenda kazini, na mbele ya mawe fulani aliitikia kwa kichwa, wote anawajua. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira. Njia nzima niliitafuta, sikuipata.

Kaburi lake liko chini ya ukuta, upande usio na upepo. Udongo umelegezwa vizuri, umefunikwa matawi ya msonobari ili baridi isiunguze mizizi. Jina lake na la ukoo limeandikwa kwa herufi zetu zote, hakuna hata nukta iliyosahauliwa. Mtu amekuwa akipiga magoti mahali pale mara nyingi, majani hayaoti.

Wiebke akatangulia kufika, akasimama kichwani kwa kaburi, akanigeukia. Akafuta mikono kwenye koti.

"Hoş geldin, Mama," akasema.

Neno hili sikumfundisha, liko ukurasa wa kwanza wa kila kitabu. Ni karibu ya mwenye nyumba kwa anayeingia, na anayeingia analo jibu lake, moja tu: hoş bulduk, tumekuta mema. Anaruhusiwa kukawia, lakini si kukataa. Nami miaka miwili nimekuwa nikisema kwamba hapa si mahali pake, kwamba ardhi hii si ya kwetu, kwamba mwanangu yuko ugenini.

Nilitazama ule udongo. Nilitazama magoti ya suruali ya Wiebke, yaliyofifia kuliko sehemu nyingine.

"Hoş bulduk," nikasema, kwake yeye na kwa Tuncay, kisha nikainua mikono kusoma Fatiha.